Nchelenge: Mtoto anayeandika kwa lugha tatu, na sentensi anayoipoteza njiani

Kwenye ramani na kwenye vibao vya barabarani, mji huu ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, huandikwa Nchelenge. Mwanafunzi wa darasa la pili akiuandika hivyo katika somo la Kibemba, mwalimu ana haki ya kumsahihisha. Kwa mujibu wa tahajia ya lugha za Zambia iliyoidhinishwa na Wizara ya Elimu mwaka 1977, sauti hiyo huandikwa kwa herufi moja tu, c, na jina la mji huwa Ncelenge. Mwaka unaofuata, mtoto huyo huyo anapoanza kusoma na kuandika Kiingereza, ch inarejea. Jina la Frederick Chiluba, rais wa pili wa Zambia, ataliona vitabuni likiwa na ch.

Ikiwa mtoto huyo amezaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mambo yanazidi kuchanganyika. Kiswahili cha nyumbani kinaandika ch. Majina ya watu wazima wa kwao yanaweza kuandikwa tsh, kama lilivyoandikwa jina la Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Na baba aliyesomea Kifaransa atamwambia mwanawe kwamba ch husomwa sh. Sauti moja ina tahajia kadhaa, na mtoto ana umri wa miaka minane.

Hata hivyo, tahajia si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Watoto wa mipakani huzoea mapema kwamba kitu kimoja kina majina mengi, na herufi nazo huzoeleka. Kinachotia wasiwasi katika shule za pwani ya Mweru, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya shule za msingi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni jambo jingine: mtoto anaweza kukaa shuleni miaka sita au saba, akajaza madaftari kwa madaftari, na katika muda wote huo asiandike hata sentensi moja iliyotoka kichwani mwake.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayosaidia kulieleza jambo hili, mwandiko na uandishi. Mwandiko ni umbo la herufi, unadhifu wa mstari, daftari lisilo na madoa. Uandishi ni kuwa na neno la kusema na kulipanga ili msomaji alielewe. Shule nyingi hufundisha la kwanza kwa bidii kubwa na kuamini kwamba zimefundisha la pili.

Lugha zilizokutana ziwani

Kiswahili si mgeni wa jana katika eneo hili. David Livingstone alipofika Mweru mnamo Novemba 1867, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Zanzibar ilikuwa imekwisha kupita njia hizo. Mwaka huo huo, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipigana na chifu Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, na akamshinda. Kisa hicho alikisimulia baadaye katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, mojawapo ya tawasifu za kwanza za nathari katika lugha hiyo. Ukweli huo una uchungu wake, kwa kuwa misafara iliyoleta Kiswahili ilibeba pembe za ndovu na watumwa. Lakini lugha ilibaki, na katika karne ya 20 ikawa lugha ya migodi, reli na miji ya Katanga.

Mpaka uliochorwa na wakoloni ulifuata Mto Luapula na kulikata ziwa vipande viwili. Upande wa mashariki Kibemba kikawa lugha ya shule na kanisa. Upande wa magharibi Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Watu hawakukatika kama ramani ilivyokatika: kuna ndugu pande zote mbili za maji, Kibemba husikika ndani ya Haut-Katanga, na Kiswahili husikika katika masoko ya samaki ya Nchelenge na Kashikishi.

Kisha ukaja mwaka 2017. Mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya watu kuvuka mpaka, na kuanzia Agosti mwaka huo walianza kupokelewa katika kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge. Mwanzoni mwa 2018 familia zilianza kuhamishiwa Mantapala, makazi mapya katika wilaya hiyo hiyo, ambako kila familia ilipewa kipande cha ardhi cha kuishi na kulima. Serikali ya Zambia iliamua kwamba watoto wa wakimbizi wasome pamoja na watoto wa wenyeji na wafuate mtaala wa Zambia. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: mtoto anayesoma mtaala wa nchi anayoishi hupata cheti kinachotambulika nchini humo.

Mtaala huo, tangu marekebisho ya 2013, uliagiza kwamba darasa la kwanza hadi la nne wafundishwe kwa mojawapo ya lugha saba: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda au Kiluvale. Luapula ni nchi ya Kibemba. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Huko Kongo, sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo mtoto aliyeanza shule kwa Kiswahili huko Pweto alivuka maji, akaanza upya kwa Kibemba, na alipofika darasa la tano akatakiwa kusoma kila kitu kwa Kiingereza.

Siku sentensi ya mtoto ilipoingia darasani

Zambia haikuanza jana kuhangaika na suala hili. Baada ya uhuru, sheria ya elimu ya 1966 ilifungua njia ya Kiingereza kutumika tangu darasa la kwanza nchi nzima. Nia ilikuwa njema. Taifa jipya lenye lugha nyingi lilitaka lugha isiyo ya kabila lolote. Matokeo yalionekana baada ya miaka 30. Utafiti wa kikanda uliofanyika 1995 uligundua kwamba robo tu ya wanafunzi wa darasa la sita waliweza kusoma kwa kiwango cha chini kilichowekwa, na waliofikia kiwango kilichotarajiwa hasa walikuwa asilimia 3.

Takwimu hizo ziliitikisa wizara. Mwaka 1998, katika wilaya za Kasama na Mungwi kaskazini mwa nchi, lilianza jaribio la kufundisha darasa la kwanza kusoma na kuandika kwa Kibemba kwa mbinu iliyotoka mradi wa Molteno wa Afrika Kusini, ambao nao uliichukua kutoka Uingereza na kuigeuza ifae mazingira yake. Mbinu hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hakijarudi tena kwa nguvu ile.

Mwalimu hakuanza na herufi. Alianza na mazungumzo. Watoto walitazama picha, wakazungumza kwa lugha yao juu ya walichokiona, na katika mazungumzo hayo ikachaguliwa sentensi moja. Sentensi hiyo iliandikwa, ikakatwa maneno, na kila neno likawekwa kwenye kadi. Mtoto alizipanga kadi, akaivunja sentensi na kuijenga tena, akabadilisha neno moja na kuona maana inavyogeuka. Herufi na silabi zilifundishwa pia, lakini zilitolewa ndani ya sentensi ambayo tayari ilikuwa na maana kwake. Kwa lugha nyepesi, mtoto alikuwa mtunzi kabla ya kuwa msomaji.

Tathmini za miaka ya mwanzo zilionyesha maendeleo makubwa, na mpango ukaenezwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini ulihitaji kadi, picha, mwalimu aliyefunzwa vizuri, na darasa linaloweza kugawanywa katika vikundi kulingana na kasi ya watoto. Kadi hupotea. Walimu waliofunzwa huhamishwa. Madarasa hufurika. Aidha, mtoto alipewa mwaka mmoja tu wa kusoma kwa lugha yake, kisha akahamishiwa Kiingereza kabla mizizi haijashika.

Kwa hiyo kuanzia 2014 nchi ilibadili njia. Mpango mpya ulirefusha muda wa lugha za nyumbani hadi darasa la nne, jambo la kupongezwa, na wakati huo huo ukageuza mpangilio wa kufundisha. Sasa safari inaanza na sauti na herufi, inakwenda kwenye silabi, kisha neno, kisha sentensi, na mwishowe kifungu. Msomaji yeyote aliyefundishwa ba, be, bi, bo, bu anaifahamu njia hii. Ina faida za kweli. Kibemba, kama Kiswahili, husomwa kinavyoandikwa, na mtoto akishika silabi amekwisha kupata ufunguo wa maelfu ya maneno. Mwalimu naye huelewa kwa urahisi afanye nini Jumatatu na afanye nini Jumanne.

Tatizo ni kwamba katika mpangilio huo neno la mtoto mwenyewe linakuja mwisho. Kwanza atambue herufi, kisha azitamke, kisha asome maneno ya kitabu, kisha anakili sentensi za kitabu. Zamu yake ya kusema jambo ni ahadi ya mbele, na wengi huacha shule kabla haijatimizwa. Vipimo vinavyotumiwa kupima mafanikio vinachochea hali hiyo, maana huhesabu herufi na maneno ambayo mtoto anayasoma kwa dakika moja. Kuhesabu herufi ni kazi nyepesi, lakini hakuna saa inayoweza kupima kama mtoto ana jambo la kusema.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mtu yeyote aliyekaa ufukweni mwa Mweru ataukubali. Ubaoni pameandikwa: samaki ni chakula, samaki anaishi majini, mimi napenda samaki. Watoto wananakili. Miongoni mwao yumo msichana ambaye mama yake hununua chisense, dagaa wadogo wa ziwa hili, huwaanika mchangani na kuwauza kwa wachuuzi. Muulize kwa mdomo naye atajibu: mvua ikinyesha chisense hawakauki, wanaoza, na mama anarudi bila pesa. Sentensi hiyo ina sharti, sababu na tokeo. Ina mtu anayepata hasara. Inamfanya msikilizaji atake kujua kilichofuata. Kama uandishi mzuri ni kupanga mawazo, msichana huyu amekwisha kuyapanga, na kilichobaki ni herufi tu. Lakini daftarini mwake, baada ya saa nzima ya kazi, imeandikwa kwamba samaki anaishi majini.

Batoto na abana

Kuna jambo jingine ambalo watunga mitaala hulipita. Kiswahili cha watoto wengi wa Mantapala si kile cha Zanzibar wala cha Dar es Salaam. Ni Kiswahili cha Katanga. Mtoto husema batoto pale ambapo kitabu kingesema watoto. Mwalimu wa pwani angetia kalamu nyekundu bila kusita. Ila ukisimama Nchelenge na kusikiliza vizuri, ile ba ni ile ile ya Kibemba: abana, watoto, abantu, watu. Kinachoitwa kosa Bagamoyo ni daraja Luapula. Mtoto huyo tayari ana masikioni nusu ya upatanisho wa kisarufi wa lugha anayotakiwa kujifunza.

Mahali atakapojikwaa panajulikana pia. Kibemba huweka irabu mwanzoni mwa majina, kama katika umwana na icalo, na mtoto wa Kiswahili ataelekea kuiacha. Kibemba hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo majina ya watoto kutoka Kongo hubadilika sura kwenye rejista ya darasa. Mwalimu anayezifahamu tofauti hizi anaweza kuzifundisha kwa siku chache. Mwalimu asiyezifahamu huona daftari lililojaa makosa na kuhitimisha kwamba mtoto ni mzito.

Historia ya eneo hili inathibitisha kwamba watu wa Katanga wana la kuandika hata pale ambapo hakuna aliyewafundisha namna ya kuliandika. Mwaka 1965, huko Élisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huo, kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Ni historia ya kutoka jikoni na uani, ya wale walioyasikia mazungumzo ya mabwana huku wakiwapakulia chakula. Tahajia yake haifuati kanuni yoyote ya shule. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kukatwa pasipotarajiwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango, ilimlazimu kuirudisha kwanza katika sauti, maana maandishi yale yalieleweka tu yaliposomwa kama mtu anayezungumza.

Mbele ya maandishi hayo, hoja ya kwamba mtoto lazima akamilishe tahajia kwanza ndipo aruhusiwe kueleza jambo inapungua nguvu. Yav aliacha ushahidi ambao hakuna mwingine aliyeuacha. Wakati huo huo, mtu asitumie mfano wake kuidharau tahajia. Kwa muda mrefu historia hiyo haikusomwa na wengi, na sababu mojawapo ni kwamba ilikuwa ngumu kusomeka. Mwandishi alikuwa na ujumbe wa thamani na chombo chenye nyufa. Shule ya leo mara nyingi hufanya kinyume chake, inamkabidhi mtoto chombo kilichong'arishwa ambacho ndani yake hamna kitu.

Upande wa Zambia nao una urithi wake. Safari fupi kusini mwa Nchelenge iko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliyetawala katika miaka ya 1940, aliandaa kwa msaada wa padri Edouard Labrecque kitabu cha historia ya wahenga wake kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichochapishwa 1951. Mtawala huyo hakungoja mgeni aje kumwandikia. Watoto wanaosoma kilomita chache kutoka ikulu hiyo huambiwa mara nyingi kwamba maandishi ni kitu kilicholetwa kutoka mbali. Hakuna sababu ya kuwaambia hivyo.

Mtihani usioomba sentensi

Kwa nini basi shule hazifundishi uandishi? Jibu moja liko kwenye mtihani. Kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba nchini Zambia ulikuwa wa kuchagua jibu, A, B, C au D. Mwanafunzi aliweza kupata alama za juu katika Kiingereza bila kutunga sentensi moja. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo hayo angekuwa mtu wa ajabu kama angetumia juma zima kufundisha namna ya kuanza aya. Katika tathmini ya kimataifa ya 2017 iliyowahusisha vijana wa miaka 15 walio shuleni, wale wa Zambia waliofikia kiwango cha msingi cha kusoma walikuwa karibu asilimia 5. 

Lakini asiwepo atakayedhani kwamba kuweka insha kwenye mtihani kunatosha. Kenya ilikuwa na karatasi ya Insha yenye alama 40 katika mtihani wa darasa la nane hadi mtihani huo ulipofanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Faida ilikuwepo, kwani watoto waliandika kurasa nzima. Hasara nayo ilionekana kwa kila aliyesahihisha: mapambazuko yale yale, ndege wale wale, methali zilizokaririwa na kupachikwa kama vifungo kwenye shati lisilo lake. Msiba wa nyumbani na safari ya mbuga ya wanyama vilianza kwa maneno yale yale. Watoto walikuwa wamejifunza kumwandikia msahihishaji, mtu wasiyemfahamu, asiye na haja ya kujua lolote kuhusu maisha yao.

Jibu la pili ni hesabu. Mwaka 2022 serikali ya Rais Hakainde Hichilema ilifuta ada hadi mwisho wa sekondari na ikaajiri walimu 30,496 kwa mwaka huo mmoja. Watoto waliokuwa nyumbani walirudi shuleni kwa wingi, na madarasa yaliyokuwa yamejaa yakajaa zaidi. Chukua darasa la watoto 70. Mwalimu akiwapa insha fupi na kutumia dakika tatu tu kwa kila daftari, atahitaji saa tatu na nusu. Akitoa insha mbili kwa juma, hizo ni saa saba, mara nyingi kwa mwanga hafifu, baada ya zamu mbili za kufundisha. Kunakili kutoka ubaoni kunasahihishwa kwa kupita kati ya madawati na kuweka vema. Mwalimu anayechagua kunakili si mvivu, ila anajaribu kuimaliza siku yake.

Ndiyo maana mapendekezo yanayodhani kila mwalimu atakaa na kila mtoto hayana maana hapa. Yapo mengine yanayowezekana. Darasa zima linaweza kutunga kifungu kimoja kwa sauti, mwalimu akikiandika ubaoni na kuwauliza watoto neno lipi litangulie, lipi lifutwe, nani hataelewa. Hapo watoto 70 wanajifunza kurekebisha rasimu na hakuna daftari hata moja la kubeba nyumbani. Mtoto anaweza kumsomea jirani yake alichoandika, na jirani akauliza swali moja tu: nini kilitokea baadaye? Mwalimu anaweza kutangaza kwamba juma hili atatazama nukta na herufi kubwa peke yake, mengine yasubiri. Na kwa mtoto wa Mantapala, hatua ya kwanza ya kupanga hadithi inaweza kufanyika kwa Kiswahili, kwa mdomo, pamoja na mwenzake wa lugha moja, kabla kalamu haijaandika Kibemba. Hakuna kanuni inayovunjwa. Mtaala unaagiza lugha ya kufundishia, haukuagiza lugha ya kufikiri.

Zambia imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kulegeza mipaka ya madarasa inapobidi. Mpango wake wa kufidia masomo, ulioanza kwa majaribio 2016 kwa kufuata uzoefu wa shirika la Pratham la India, huwapanga watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa kiwango cha uwezo wao badala ya umri au darasa, kwa saa moja hivi kwa siku. Roho ya mpango huo ni kuanzia pale mtoto alipo. Ikihamishiwa kwenye uandishi, mtoto wa Kongo alipo ni katika Kiswahili chake na hadithi ya safari yake.

Hadithi hiyo si jambo la darasani tu. Familia ya mkimbizi huishi kwa karatasi: maombi ya kibali cha kutoka kwenye makazi, barua kwa ofisi ya wilaya, maelezo ya kwa nini mtu aliondoka kwao na kwa nini hawezi kurudi. Mara nyingi mtoto aliye shuleni ndiye anayeitwa kuyasoma na kuyaandika kwa niaba ya wazazi. Anayejua kunakili tu atanakili maneno ya mtu mwingine, na maelezo ya familia mbili zenye masaibu tofauti yatafanana neno kwa neno. Ofisa anayesoma karatasi mbili zinazofanana huanza kutilia shaka zote mbili.

Kalenda ya ziwa na kalenda ya shule

Kila mwaka uvuvi husimamishwa upande wa Zambia kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mwaka wa shule nao huanza Januari. Kwa hiyo muhula wa kwanza huanza maji yakiwa yamefungwa, mitumbwi ikiwa imepinduliwa mchangani, na familia zikiwa na pesa kidogo lakini watoto wakiwa karibu. Machi ziwa linafunguliwa, na hapo baadhi ya madawati huanza kuonekana matupu, hasa ya wavulana wakubwa wanaofuata baba zao kwenye kambi za uvuvi na visiwani. Malaria, ambayo wilayani Nchelenge haina msimu wa kupumzika, huondoa wengine.

Majuma hayo ya Januari na Februari ni fursa ambayo haihitaji mfadhili. Watoto wapo, na mada ipo mbele ya macho yao, marufuku ambayo kila nyumba ina maoni juu yake. Kuna wanaosema inaokoa ziwa. Kuna wanaolalamika kwamba samaki waliohifadhiwa huku huishia kwenye nyavu za ng'ambo. Kumtaka mtoto wa darasa la tano amwandikie ofisa wa uvuvi barua ya mistari minane, akieleza jinsi familia yake inavyoishi miezi hiyo mitatu, ni kumpa msomaji wa kweli, mtu mwenye cheo anayeweza kujibu. Barua 70 kutoka darasa moja zisingefanana, kwa sababu hakuna ubao uliowahi kuandikwa majibu hayo.

Mtaala mpya wa Zambia, uliotayarishwa 2023 na kuanza kutekelezwa Januari 2025, umepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo, wa Kashikishi, wa visiwani na wa Mantapala, watafika mwisho wa darasa la sita mwaka 2030. Wana mwaka mmoja pungufu kuliko kaka zao wa kuvuka kutoka lugha ya nyumbani hadi Kibemba, na kutoka Kibemba hadi Kiingereza. Katika kila somo la kusoma la vitabu vyao panaweza kuwekwa mistari mitupu chini ya ukurasa. Inayosubiriwa ni amri itakayochapishwa juu ya mistari hiyo: nakili, jaza nafasi, au eleza.